Sega Lisilo na Asali

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa kiza. Kwa miaka mingi, wenye magari wengi jijini Nairobi waliishi katika kiza hicho kuhusu kifaa kimoja kilichofichika chini ya magari yao, baina ya injini na mkia wa bomba la moshi. Mwanaisimu angeweza kukiita kigeuzi-kichocheo. Mafundi wa banda moja la jua kali mtaani Kariobangi hawakuwa na haja ya jina refu kiasi hicho. Walikiita sega, na hawakukosea, kwani ukikichungulia ndani utaona vitundu vidogo vidogo vilivyopangika mithili ya makazi ya nyuki. Tofauti ni kwamba sega hili halina asali. Lina kitu ghali kuliko asali.

Mwenye banda alikuwa mtu wa makamo. Alianza ufundi wakati petroli ya humu nchini ingali inatiwa risasi, desturi iliyokomeshwa mwishoni mwa mwaka 2005. Risasi hiyo ilikuwa sumu kwa watu na kwa sega vilevile, maadamu iliganda juu ya madini yaliyomo na kuyafisha. Enzi hizo, sega likitoka garini lilitupwa katika rundo la vyuma chakavu na kuuzwa kwa kilo, sawa na mlango uliobondeka au boneti iliyoliwa na kutu.

"Tulikuwa tukitupa lulu jalalani," alizoea kumwambia mpwa wake, "na jalala lenyewe halikututanabahisha."

Mpwa huyo alikuwa amehitimu shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, akawa anasubiri ajira. Kila asubuhi alikuja bandani kumwekea mjomba wake vitabu vya hesabu. Hakuwa mgeni wa masega. Karo yake ya mwaka wa mwisho ililipwa kwayo, na alilijua hilo fika.

Jumatano moja, mnunuzi mwenye leseni aliarifu kwamba angefika Jumamosi. Masega kumi na sita yalikuwa yamerundikwa pembeni, na kuyatayarisha ni kazi yenye utaratibu wake. Mjomba alianza kwa kuyatenga. Masega yaliyotoka viwandani pamoja na magari aliyaweka kando, mengi yakiwa ya magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa humu nchini. Yale ya badala, yanayonunuliwa madukani baada ya la kwanza kuharibika, aliyaweka peke yake, kwa kuwa aghalabu yamepakwa madini haba. Vichujio vya masizi vya magari ya dizeli vilikaa kwingine, kwani bei yake ni nyingine.

Kisha alichukua brashi ya waya akasugua kutu kwenye ubavu wa kila sega hadi namba iliyochongwa kiwandani ikaonekana. Mpwa aliinakili namba hiyo daftarini na kuiandika tena kwa chaki juu ya chuma.

"Hii namba ndiyo kitambulisho chake," mjomba alieleza. "Mnunuzi akiisoma, atajua sega hili ni la gari gani na lina madini kiasi gani. Asipoiona, atakukadiria, na akikukadiria atakupunja."

Baada ya hapo alivaa miwani ya kinga na glavu, akawasha mashine ya kukatia vyuma. Alikata mabomba ya pande zote mbili karibu na shingo, lakini tumbo la sega hakuligusa. Alifungua kwa spana kipimahewa kilichobaki kimekwama shingoni. Bamba la nje la kukinga joto alilitoa pale tu ambapo halikubeba namba. Vipande vya mabomba vilikwenda katika rundo la chuma cha kawaida, maana hakuna anayelipia chuma cha kawaida kwa bei ya sega.

Sega mojawapo lilikuwa limevunjika ndani, likitoa mlio wa kayamba kila lilipoinuliwa. Mpwa alitaka kulipindua amwage vipande vile chini. Mjomba alimshika mkono.

"Achilia! Vaa barakoa kwanza."

Vipande vilikusanywa taratibu katika mfuko uliofungwa, ukafungiwa pamoja na gamba lake, pahali pakavu. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyefunzwa na ulimwengu. Miaka kadhaa nyuma, mnunuzi fulani alimtaka awe akiyapasua masega na kumletea ungaunga wake magunia kwa magunia. Aliyapasua kwa patasi na nyundo, uso wazi, vumbi la kauri na nyuzi za mkeka unaoizingira likimwingia puani. Tangu hapo kikohozi kilimganda kama kupe. Fauka ya hayo, unga ule ulimletea hasara, kwani mnunuzi makini huushuku: nani ajuaye kama haukuchanganywa na mchanga? Sega zima halina maneno mengi.

Alasiri hiyo mpwa aliuliza swali lililokuwa likimkereketa. Je, kuna nini hasa humo ndani?

Mjomba alimjibu kadiri alivyojua. Kauri yenyewe si kitu. Juu yake umepakwa utando mwembamba wenye platini, paladi na rodi, gramu chache tu kwa sega zima. Moshi wa injini ukipita katika vitundu vile ukiwa na joto kali, madini hayo huigeuza hewa ya kaboni monoksidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa, ikawa kaboni dioksidi. Petroli isiyoungua huwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi, na gesi za naitrojeni zinazowasha macho hurejea kuwa naitrojeni ya kawaida. Madini yenyewe hayaliki katika kazi hiyo. Ndiyo maana sega kuukuu huwa bado na thamani. Mnamo Machi 2021 aunsi moja ya rodi ilipita dola 29,000, ilhali ya dhahabu haikufika 2,000. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 rodi ilikuwa imeporomoka chini ya dola 5,000. Lakini tamaa iliyopandishwa na bei haishuki pamoja na bei.

Ijumaa ilikuwa siku ya kukagua kwa kurunzi. Mjomba alimulika upande mmoja, mpwa akachungulia upande wa pili. Penye masizi yaliyoziba, mwanga haukupita. Penye kauri iliyoyeyuka kwa joto, palionekana kovu jeusi. Walipofika sega la kumi na nne, mwanga ulipita katika kila kitundu, safi kama nyota za usiku usio na mawingu.

"Hili ni zima kabisa, Mjomba," mpwa alisema. "Lilitoka wapi?"

Mjomba alijitia kutosikia. Mpwa alifungua daftari la kazi la miaka miwili nyuma, akaitafuta namba. Aliikuta, imeandikwa kwa mkono wa mjomba wake. Gari lilikuwa la mwalimu mstaafu wa mtaa jirani, lililoletwa kwa kukosa nguvu ya kupanda mlima. Mbele yake paliandikwa: chujio la petroli limebadilishwa; sega limeziba, limetolewa. Chini yake, ujira wa kulitoa.

Kijana alisoma mara mbili. Sega halikuwa limeziba. Kasoro ilikuwa chujio la petroli. Mwalimu wa watu alikuwa ameng'olewa mali yake, kisha akalipishwa gharama ya kung'olewa.

Pembeni palikuwa na fomu ya mnunuzi. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za alichonunua na aliyemuuzia. Tangu biashara hiyo ilipopigwa marufuku Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa miundombinu, ikaruhusiwa tena Mei mwaka uo huo, mnunuzi huyu hakutaka mchezo. Kila sega lilihitaji jina la mwenyewe wa awali.

"Andika jina langu," mjomba alisema bila kugeuka.

"Nitaandika utakaloniambia, Mjomba. Umenisomesha. Lakini utakuwa uongo, na utakuwa wa mkono wangu."

Mjomba alikohoa kwa muda mrefu. Alifuta kinywa kwa kitambaa, akaketi juu ya gurudumu kuukuu.

"Mwaka ule ulikuwa umebakisha muhula mmoja," alisema hatimaye. "Walikuwa wamekukataza kufanya mtihani."

Kijana hakupata la kusema. Alitambua kuwa katika cheti alichokitundika sebuleni kwa mama yake mlikuwamo mikono mingine ambayo haikutia sahihi. Sega hili halikuwa limeuzwa, la hasha, ila yangapi mengine yaliyokuwa safi kama hili yalikwisha kuuzwa? Daftari halikusema, wala hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

Machweo yalipoingia, mjomba alichukua simu.

Jumamosi mwalimu alitangulia kufika, gari lake likinguruma kuliko umri wake. Mpwa alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Mjomba alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Alimwonyesha sega, akammulikia kurunzi ajionee. Akamwambia kwamba likiuzwa, fedha zote ni zake, pamoja na ule ujira.

Mwalimu alichungulia kwa muda. "Na gari langu sasa lina nini huko chini?"

"Bomba tupu, Mwalimu."

"Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa nikiwavutisha majirani sumu, na nilidhani nimetengenezewa gari." Alilikabidhi sega. "Sikuja kuuza. Linaweza kurudi?"

Lingeweza. Shingo zilikwisha kukatwa, ila palikuwa na vipande vya mabomba na mashine ya kuchomelea. Mjomba aliingia chini ya gari yeye mwenyewe, hakumtuma kijana. Kazi ilimla saa mbili na ushei, kikohozi kikimkatiza mara kwa mara. Mwalimu aliketi kwenye benchi akisoma gazeti, asiseme neno la kusamehe wala la kulaumu. Alipoondoka, gari lilitoka kwa sauti ya chini.

Mnunuzi alipofika adhuhuri, aliyahesabu masega akapata kumi na matano. Alitazama fomu, penye mstari uliokatwa kwa kalamu.

"Hili moja limekwenda wapi?"

"Limerudi kwao," mpwa alisema, akageuza ukurasa wa daftari la kazi, akaanza kuzisoma upya namba za miaka iliyopita, moja baada ya nyingine. Mjomba wake alimwona, wala hakumzuia.