Rudini Wiki Ijayo

Kila Alhamisi jioni nilikuwa natoroka nyumbani. Sebule yetu pale Kayole ilijaa kina mama wa Mothers' Union: vitambaa vya buluu kichwani, chai, maombi yasiyoisha. Mimi niliona ni porojo tu.

Baba alipofariki, wale wale walikuja bila kuitwa. Mmoja alileta unga, mwingine sufuria, wawili wakalala na mathe wiki nzima. Hakuna aliyetuhubiria.

Mwezi uliofuata, zamu ya mathe kuongoza ikafika. Alisimama na Biblia mkononi, sauti ikakataa kutoka. "Samahanini. Rudini wiki ijayo." Nilikuwa jikoni, na nilimwonea aibu.

Usiku huo nikatafuta kwenye simu chama chao kilikotoka. Mwaka 1876, Mary Sumner, mke wa kasisi wa Old Alresford, Uingereza, aliwaita kina mama nyumbani kwake. Walipofika, woga ukamkaba, akawaomba warudi wiki ijayo. Wakarudi. Mwaka 1885 alihutubia umati wa wanawake Portsmouth, nao wakaenda kuanzisha vikundi katika parokia zao. Mpaka leo kimefika sebuleni kwetu.

Nilikuwa nadhani vuguvugu huanzishwa na watu wasioogopa.

Alhamisi ikafika, sikutoroka. Wote walirudi, na wengine wakaja na majirani. Mathe akafungua Biblia. "Bado naogopa," alisema, "lakini tuanze."

Mimi nikatoka kuazima vikombe.