Mtunzi Asiye na Kalamu

Wahenga wametuachia methali isemayo kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Ni methali ya huzuni. Lakini kwa miaka mingi neno lake la kwanza lilipotamkwa katika pwani ya Afrika Mashariki, watu walianza kucheka kabla ya kuambiwa jambo lenyewe. Sababu yake ni mtu mmoja wa Tanga, Marehemu Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto. Katika makala haya nimekusudia kueleza kazi ya mchekeshaji huyo kama ilivyoonekana kutoka kwetu Mucojo, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Na kisha kuuliza swali ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kulijibu: je, mtu atungaye kwa kinywa, bila ya kalamu, ni mtunzi au si mtunzi?

King Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kupanda jukwaani angali mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, na alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Aliitumikia sanaa yake, basi, kwa muda wa miaka ipatayo 60. Alianza zama ambazo kichekesho kilikuwa kitu cha jukwaani, akapita katika zama za kanda za video, akaingia katika zama za sahani na filamu, hata matangazo ya biashara ya televisheni. Vyombo vilibadilika, yeye hakubadilika: alikuwa mzee mkorofi, bahili, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa tamaa, ambaye kila hila aliyoitega ilimnasa mwenyewe.

Yafaa tukumbuke jinsi kichekesho kinavyojengwa. Aghalabu hakiandikwi. Wachezaji hukubaliana juu ya kisa: nani ataingia, atataka nini, atafedheheka vipi. Yaliyobaki hutungwa papo hapo, mbele ya watazamaji au mbele ya kamera. Mchekeshaji hana budi kuchagua neno, kulipima, kulichelewesha kidogo na kuliachia wakati wake ufikapo. Akikosea pumzi moja, kicheko kimekwisha potea. Kazi hiyo yote ni utunzi, ila haiachi nyuma yake karatasi hata moja.

Kwetu Mucojo lugha ya nyumbani ni Kimwani, ndugu wa damu wa Kiswahili. Lugha ya shule ni Kireno; na ingawa Kimwani kilihesabiwa miongoni mwa lugha za elimu ya lugha mbili mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kiswahili hakikuwa na darasa. Mimi nilifundisha Kireno asubuhi, na jioni niliwafundisha Kiswahili vijana waliotaka kwenda Mtwara kwa biashara. Walikuwa wakija wakiwa na maneno ambayo sikuwafundisha. Nilipowauliza wameyatoa wapi, walinijibu, "Kwa Majuto, mwalimu." Sahani za vichekesho zilivuka Mto Ruvuma pamoja na vitenge na sabuni, zikaonyeshwa katika vibanda vya video kwa umeme wa jenereta, na wavuvi waliorudi kutoka baharini walikaa mikekani wakazitazama.

Waliyojifunza huko ni mambo ambayo sarufi haiyawezi. Kitabu changu kiliwaambia kuwa "hewala, bwana" ni maneno ya kukubali kwa heshima. Vibandani waligundua kuwa maneno hayo hayo, yakivutwa kidogo na jicho likipepeswa, ni kukataa, tena kukataa kwa dharau. Walijua lini "ahsante" ni shukrani na lini ni tusi. Hapana shaka kejeli ndiyo ngazi ya juu kabisa ya kuijua lugha. Na ngazi hiyo vijana wa Mucojo waliipanda wakiongozwa na mwalimu ambaye hawakupata kukutana naye.

Mwalimu huyo alilipwa nini? Sahani nyingi zilizouzwa barazani zilikuwa zimenakiliwa, na fedha zake hazikufika Tanga. Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, habari za mikataba yake na wafanyabiashara zilijadiliwa hadharani, na aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa Tanzania, Dakta Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Wala hali hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Nchini Kenya, Benson Wanjau, maarufu kwa jina la Mzee Ojwang', aliwachekesha watu kwa miongo mingi katika mchezo wa "Vitimbi". Macho yake yalipoharibika uzeeni, ilibidi wananchi wamchangie fedha za matibabu. Alifariki mwaka 2015.

Haiwezekani kusema kuwa sheria haikuwapo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na neno hili "hakishiriki" lafaa lifundishwe madarasani, kwani lina maana ya haki za wale wanaoshiriki katika kuifikisha kazi kwa watu, waigizaji wakiwamo. Lakini sheria hufuata mazoea ya watu, na mazoea hayo sisi walimu tumeyajenga. Katika somo la fasihi andishi twamtaja mtunzi, mwaka wake wa kuzaliwa na vitabu vyake. Tufikapo fasihi simulizi, twasema "fanani" au "jamii", tukapita. Mwanafunzi tuliyemzoeza kuwa neno la kinywa halina mwenyewe, akiwa mfanyabiashara kesho, kwa nini alilipie?

Vita vya Cabo Delgado vilianza mwezi wa Oktoba 2017. Tufani Kenneth ilitupiga tarehe 25 Aprili 2019, na mwezi wa Januari 2024 wapiganaji waliishika Mucojo yenyewe. Watu walitawanyika, wengi walifika Metuge na mji wa Pemba wa Msumbiji. Huko Pemba, katika ua uliojaa wakimbizi, nilimsikia mama mmoja wa Mucojo akiwaigizia watoto kisa cha mzee bahili aliyejificha uvunguni ili asimlipe mwenye duka. Aliigiza kwa Kimwani, bila ya sahani wala umeme. Watoto walicheka hata wakalala chini. Mmoja akamwuliza, "Bibi, umeyatunga wewe?" Naye akajibu, "La, mjukuu wangu. Haya ni ya Majuto wa Tanga."

Mama huyo hajui kusoma. Lakini alifanya lile ambalo vitabu vyetu havijalifanya: alimtaja mtunzi. Ndugu walimu, tuwafundishe wachekeshaji wetu kwa majina yao, kwa miaka yao na kwa namna ya utunzi wao, kama tuwafundishavyo washairi. Mwanafunzi akijua kuwa kicheko kina mwenyewe, atajua pia kuwa mwenyewe huyo anadai.