"Bado" si "Hapana"



Muulize mtoto wa mafundisho pale Kilwa Masoko kama amepata Kipaimara. Akijibu "bado", unaelewa kwamba hajakataa, anasubiri. Bibi yake aliyehamia pwani zamani kutoka Masasi huenda akasema, "Sikumbuki, mwanangu, tazameni kitabuni." Majibu hayo mawili si "ndiyo" wala si "hapana", na Kiswahili kinayabeba bila taabu. (Sisi wenyewe tukiulizwa sokoni kama tumeoa, huwa tunajikwaa: tuseme "bado" au "hapana"?)

Kompyuta haina wepesi huo. Likizo iliyopita tulikuwa parokia moja ya pwani hii, tukisaidia kuhamishia Kitabu cha Ubatizo kwenye kompyuta. Programu tuliyoikuta ilikuwa na kisanduku kimoja cha Kipaimara: chenye alama ni ndiyo, kisicho na alama ni hapana. Lakini kitabu cha karatasi kina nafasi nyingi zilizo wazi. Mtu alihamia Lindi au Nachingwea, akapata Kipaimara huko, na taarifa haikurudi parokia alikobatizwa. Programu ilipotoa orodha ya "wasio na Kipaimara", alikuwemo katekista aliyewafundisha nusu ya waumini wa kigango! Yeye alicheka. Hakucheka mama mmoja aliyeombwa kuwa msimamizi wa ubatizo, kwa maana kanuni ya 874 inamtaka msimamizi awe amepata Kipaimara. Alisimama mlangoni pa ofisi akatuuliza, "Frateri, kwa hiyo nilidanganya miaka yote hii?"

Lugha za programu zina alama maalumu ya kusema "hapa hakuna kilichoandikwa". Wataalamu huiita nali. Zina pia aina ya thamani yenye ndiyo na hapana tu, iliyopewa jina la George Boole, Mwingereza aliyetoa kitabu chake cha sheria za fikra mwaka 1854. Taabu huanza pale nali inapolazimishwa kuwa ndiyo au hapana. Katika Python, nali, ambayo huko huandikwa None, ikilazimishwa hivyo huwa hapana, sawa na sifuri na maandishi matupu. Lakini ukiuliza kama None ni sawasawa na hapana, Python yenyewe inakataa. Kichekesho ni kwamba ukiandika neno "hapana" kama maandishi ya kawaida, likigeuzwa linakuwa ndiyo, kwa sababu tu si tupu. Hifadhidata za SQL zina uangalifu zaidi: nali ikilinganishwa na chochote, jibu ni "haijulikani". Ndiyo maana ukitafuta waliopata, kisha wasiopata, mwenye nali hatokei katika orodha yoyote, na jumla haitimii.

Aristotle alishaona kwamba si kila kisichoona huitwa kipofu; jiwe, kwa mfano, haliitwi hivyo. Kipofu ni yule aliyepaswa kuona. Nafasi ya ndoa ya mtoto mchanga ni tupu kwa namna ya jiwe. Ya Kipaimara ya mama yule ilikuwa tupu kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Kanisa lina utaratibu wake kwa hali hiyo. Kwa kanuni ya 845, Ubatizo, Kipaimara na Daraja havirudiwi. Shaka ikibaki hata baada ya uchunguzi wa makini, sakramenti hutolewa kwa sharti: padre hutanguliza neno "kama". Na kabla ya kufika huko, kanuni ya 876, inayotumika pia kwa Kipaimara, inakubali neno la shahidi mmoja asiye na shaka, mradi lisimdhuru mtu mwingine.

Paroko aliagiza kisanduku kile kiondolewe. Sasa kuna nafasi ya tarehe, ya mahali, na neno "haijathibitishwa". Msimamizi wa mama yule alipatikana Nachingwea, akiwa hai na mwenye kumbukumbu nzuri. Paroko akachukua kalamu, akaandika kwanza kwenye kitabu cha karatasi.