Shemeji, waachie kamba jua

Shemeji yangu wa Kilifi anataka kumaliza akiba yake kwa kufuga kamba ndani ya matangi, chini ya paa la mabati. Nimemsihi atie japo mabati machache yanayopitisha mwangaza.

Mfumo anaoutaka, bayofloki, ulijaribiwa Tahiti miaka ya 1970. Maji hayabadilishwi kila mara. Unatia molasi na kupuliza hewa usiku na mchana. Bakteria hula amonia ya kinyesi, kisha hushikana kuwa vibonge ambavyo kamba huvila. Jua likiingia, mwani huota, maji huwa kijani. Mchana mwani hutoa oksijeni, na huongeza mafuta yanayowafaa kamba kwenye vibonge hivyo.

Gizani mwani hauoti. Maji hugeuka kahawia, na kazi yote huachiwa bakteria, ambao nao huvuta oksijeni! Penye kamba wengi, stima ikipotea (na nani asiyeijua stima yetu?) wanaweza kufa kabla ya saa moja kuisha.

Lakini jua nalo lina hila zake. Usiku mwani huvuta oksijeni hiyohiyo, na mawingu yakitanda siku kadhaa unaweza kufa kwa wingi. Kwa hiyo simwambii aezue paa lote.

Shemeji analalamika kwamba mabati hayo ni ghali. Jenereta ni ghali zaidi, na hiyo pia ataihitaji.