Umepima na plastisini?

Wasee, kila siku naona video ya injini mpya ikinguruma. Sijawahi kuona hata moja ya mtu akikata plastisini na wembe. Mimi naona hiyo ndiyo inafaa kupata laiki zote.

Mwaka jana nilijenga injini yangu ya kwanza, 4G63 ya Mitsubishi Evo. Kemshafti mpya za kuinua valvu zaidi, hedi iliyokuwa imeshachongwa mara mbili. Muuzaji akaniambia, "Hizo zinaingia tu, kaka." Nikazungusha injini kwa mkono, haikugonga popote, nikafunga. Siku ya tatu nikaivuta mpaka karibu mizunguko 7,500. Maze, ule mlio! Kama misumari ndani ya sufuria. Valvu mbili zimepinda, pistoni zimechorwa alama za mwezi mchanga. Akiba ya miezi minane, kwisha.

Kumbe kuzungusha polepole bila kugonga si kupima. Kwa kasi, konrodi inanyooka kidogo na springi zinaweza kushindwa kurudisha valvu kwa wakati. Ndiyo maana wajenzi wengi wanataka angalau milimita 2 upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa moshi. Moshi inapewa zaidi kwa sababu valvu yake inapata joto kali na inarefuka, halafu inajifunga huku pistoni ikiifukuza kutoka nyuma. Ikichelewa tu, imepatikana.

Juzi nikaanza ya binamu yangu. Mzee wa gereji akanitazama. "Kijana, umepima?" Akatoa plastisini ya watoto wa nasari, nikacheka. Tukaibandika juu ya pistoni, tukapaka valvu mafuta zisishike, tukafunga hedi na gasketi iliyotumika, kwa sababu hiyo tayari imebanwa. Kitu ningekosea peke yangu ni vile vilifta vya haidroliki: vikikandamizwa vinanywea, vinakudanganya kwamba kuna nafasi. Mzee akaweka vigumu kwa muda. Kisha krenki mizunguko miwili kamili, kwa spana, polepole.

Tukafungua, tukakata, tukapima sehemu nyembamba zaidi. Moshi 2.7. Kuingiza 1.6.

Watu hudhani hatari ni pistoni ikiwa juu kabisa. Mara nyingi ni kama digrii 10 baada ya hapo kwa valvu ya kuingiza, na 10 kabla kwa ya moshi. Kwa hivyo tulichelewesha kemshafti ya kuingiza digrii chache na gia ya kurekebishwa, tukabandika plastisini upya. 2.1. Mzee akaitikia kwa kichwa tu, akaenda kunywa chai.

Sasa binamu analalamika ati gari limekuwa zito chini, nguvu imehamia juu. Anataka niirudishe ilivyokuwa kabla ya Jumapili. Nimekataa, na hashiki simu zangu. Hizo milimita 2.1 zinabaki.