Dizeli ya kwenda Ruaha hununuliwa Iringa

Mtoto anayeanza kuhesabu vituo vya mafuta Kimara, pua imebandikwa kwenye kioo cha dirisha, hupoteza hesabu kabla gari halijafika Mlandizi. Vimejipanga pande zote za Barabara ya Morogoro, vingine vinatazamana. Chalinze, kwenye njia panda ya kwenda Tanga na Arusha, vinaanza upya. Kwa familia inayokwenda kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mafuta si jambo la kuwaza katika nusu hii ya safari, na pengine ndiyo maana wengi huliwaza wakiwa wamechelewa.

Gari la safari ya namna hii ni nyumba inayotembea. Mara nyingi ni Land Cruiser ya miaka mingi, hema limefungwa juu ya paa, nyuma kuna jiko la gesi, madumu ya maji, magodoro na friji ndogo. Halina haraka na linakunywa. Likiwa na mzigo wote huo, kilomita saba au nane kwa lita moja ya dizeli kwenye lami ni mwendo wa kawaida. Kwenye mchanga, gia ya chini ikiwa imeingia, hesabu hiyo hushuka.

Suala la bei halihitaji kuumiza kichwa. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila eneo, na mwenye simu ya kitochi anaweza kuziangalia kwa kupiga *152*00#. Mafuta huingia nchini kwa meli kupitia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kwa hiyo kadiri mji ulivyo mbali na bandari ndivyo bei inavyopanda. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya kikomo, hakiruhusiwi kuuza juu yake, na bei lazima ibandikwe mahali inapoonekana. Anayeondoka Dar na tangi limejaa amenunua kwa bei nafuu, basi. Kosa ni kuendeleza mchezo huo njia nzima, kuruka kituo hiki kwa sababu kile cha mbele huenda kikapungua shilingi kadhaa. Hata tofauti ikiwa shilingi 100 kwa lita, lita 80 ni shilingi 8,000. Watoto watatu wakishuka Morogoro na kuomba chipsi, fedha hiyo haitoshi.

Morogoro gari hupita Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019, karibu na eneo hilo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota yaliyomwagika na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Petroli huwaka upesi kuliko dizeli, lakini mpita njia hana namna ya kujua lori lililopinduka lilibeba nini. Familia inayokuta ajali ya aina hiyo barabarani haina la kusogelea pale, hata kwa kupiga picha; dereva hurudi nyuma, au hupita mbali akielekezwa na polisi.

Baada ya mji wa Morogoro vituo vinapungua taratibu. Kisha inakuja Mikumi, ambako barabara kuu hukata katikati ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Watoto hubadilisha hesabu: sasa ni twiga, pundamilia na nyani wanaokaa ukingoni wakingoja wasafiri wasiojali sheria wawatupie ndizi. Si mahali pa kusimama na boneti wazi. Mbele zaidi kuna Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake kando ya barabara, bonde la mibuyu linalofuata Mto Ruaha Mkuu, halafu Kitonga.

Kitonga ndiyo mtihani. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na gari la familia nyuma yake hubaki gia ya pili kona baada ya kona. Mzazi anayetazama mshale wa mafuta hapa huuona ukishuka. Dizeli ina tabia moja ambayo waliozoea petroli huisahau: ikiisha kabisa, hewa huingia kwenye mfumo wa mafuta, na kumimina lita tano peke yake mara nyingi hakuwashi injini. Magari mengi ya zamani hudai hewa itolewe kwanza kwa kupampu kwa mkono. Kufanya hivyo kwenye kona ya Kitonga, malori yakipita na watoto wakiwa ndani, hakuna anayetamani. Robo ya tangi ichukuliwe kuwa ndiyo sifuri.

Juu ya mlima kuna Ilula, kisha Iringa. Mji wenyewe uko kilimani, ila barabara kuu hupita chini, Ipogolo, na vituo vya mafuta viko huko pia. Ruaha iko kilomita zipatazo 130 magharibi mwa Iringa. Hapa ndipo pa kununua, hata kama tangi bado lina nusu, na hapa ndipo uchaguzi wa kituo una maana.

Kituo cha kuchagua ni kile kinachouza sana. Mabasi na malori yanapopanga foleni kwenye pampu ya dizeli, mafuta yaliyo chini ya ardhi hayakai muda mrefu, na mafuta yanayokaa ndiyo hukusanya maji na uchafu. Lori la kushusha mafuta likiwa limesimama kituoni linamimina, madereva wengi wazoefu hupita wakaenda kituo kingine, maana tope la chini ya tangi huwa limevurugwa. Halafu kuna uchakachuaji, neno ambalo Watanzania walilizoea kwa sababu ya mafuta kabla halijahamia kwenye kura. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulikuwa kumeenea hadi serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya nozeli kama dizeli inavyofanya, na uharibifu wake hujitokeza baadaye, porini. Risiti ya mashine ndiyo ushahidi pekee ambao mteja hubaki nao, kwa hiyo idaiwe.

Kuna kipimo kingine kisicho cha kitaalamu: choo. Kituo chenye choo safi, maji yanayotoka na sabuni, kwa kawaida kina mtu anayekisimamia. Na watoto waliokaa garini tangu alfajiri watanawa mikono kabla ya kula, jambo lenye faida kwa tumbo kuliko dawa yoyote iliyo kwenye begi la safari.

Wakati wa kujaza, injini izimwe na watoto wabaki ndani, vioo vikiwa juu. Wapo wanaopenda harufu ya mafuta na hutoa kichwa nje kuivuta, wasiachwe. Mzazi mmoja ashuke asimame kwenye pampu. "Dizeli, kaka, jaza," na mhudumu aonyeshe sifuri. Kama kwa bahati mbaya imeingia petroli, gari lisiwashwe kabisa, lisukumwe pembeni na tangi lifunguliwe limwagwe.

Hesabu ya Ruaha ni nyepesi. Kwenda na kurudi Iringa ni kilomita kama 260. Siku tatu za kuzunguka kutafuta tembo na simba, kilomita 80 kwa siku, ni 240 nyingine. Jumla 500, sawa na lita 71 kwa kilomita saba kwa lita, na kwa sababu ya mchanga na gia ya chini ni busara kuhesabu 90. Tangi lisipobeba hizo, linunuliwe dumu la chuma la mafuta, lisijazwe hadi mdomoni, lifungwe nje ya gari. Ndani, pamoja na watoto na joto la mchana, halina nafasi.

Asiyefanya hesabu hiyo ndiye hujikuta akiulizia mafuta kijijini. Huko dizeli ya mashine ya kusaga huwa kwenye madumu na petroli ya bodaboda kwenye chupa za soda na za maji. Anayeuza huenda ni mtu mwema kabisa, lakini hana pampu, hana vinasaba vya kuonyesha, na dumu lake jana lilikuwa na kitu kingine. Mafuta yakishamiminwa, iliyobaki robo chupa hurushwa chini ya kiti. Rangi yake ni kama ya juisi. Mtoto wa miaka miwili mwenye kiu hasomi lebo.

Hatari ya mafuta hayo haiko tumboni sana, iko kwenye mapafu. Mtoto akikohoa au kutapika, matone huingia njia ya hewa na mapafu huvimba. Kwa hiyo asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta ya kula kama bibi wengi walivyofundishwa, kwani huweza kumtapisha. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni, apelekwe hospitali hata kama anacheza, kwa sababu kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Baba anayenyonya dizeli kwa mpira kutoka tangi moja kwenda jingine anacheza na hatari hiyohiyo, na watoto wanamwona. Pampu ndogo ya mkono inafanya kazi hiyo bila mdomo wa mtu.

Kambini, jua linapozama na viboko wanapoanza kuguna mtoni, huja kishawishi cha kuacha injini inanguruma ili friji ipoe na simu zijae chaji. Juu yake, kwenye hema, watoto wamelala. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Simu zichajiwe mchana gari likitembea, na soda inyweke hata ikiwa vuguvugu.

Siku ya nne gari hurudi na vumbi hadi kwenye kope. Ipogolo vituo vinaonekana tena na mtoto anaanza: kimoja, viwili, vitatu. Mshale unasoma robo na kidogo.