Chaza wa Oysterbay

Sahani ilipowekwa mezani, karani hakuona chakula, aliona barafu. Juu ya barafu iliyopondwa walilazwa chaza sita, kila mmoja katika nusu ya gamba lake, wakiogelea katika maji yao wenyewe, na kando yao vipande vya ndimu vilivyofungwa vitambaa vyeupe mithili ya vilemba vya watoto. Mpwa wake, mwenye karamu, alikuwa akimtazama kwa furaha isiyofichika.

"Karibu, mjomba. Huyu hana uma wala kijiko. Unamnyanyua na gamba lake, unamkamulia ndimu, unamshusha."

"Mbichi?"

"Mbichi, mjomba. Tena yu hai."

Karani alirudisha mkono mapajani.

Alikuwa mtu wa Mtoni, wilaya ya Temeke, aliyemaliza miaka yake yote ya kazi akiandika mizigo ya watu bandarini, na upande huu wa mji, ng'ambo ya Daraja la Selander, aliujua kwa mambo mawili: hospitali na mazishi. Kijana wake, mfanyakazi wa benki, alitaka kumuenzi kwa kustaafu kwake. Akachagua hoteli ya ufukweni, akachagua na chakula ambacho, kwa maelezo yake, mtu hana budi kukijaribu japo mara moja. Bei ya sahani ile karani aliiona kwa jicho la pembeni kabla orodha haijafungwa. Ingemnunulia kitoweo cha wiki mbili pale Feri.

Jina la mtaa wenyewe ni jina la chaza. Waingereza ndio waliouita Oyster Bay, ghuba ya chaza, wakajenga humo nyumba za maofisa wao zikielekea upepo wa bahari, na Waafrika wakapangiwa Ilala, Magomeni na Temeke. Baada ya Uhuru wa 1961 wenye nyumba walibadilika, jina halikubadilika. Ulimi wa mjini umelifanya Ostabei, na asikilizaye vizuri husikia kwamba linaishia na neno bei. Hatua chache kutoka zilipo hoteli, pale Coco Beach, watu hula mihogo ya kukaanga na mishkaki, na maji yakipwa majabali hubaki yamevaa chaza wadogo, wenye makali ya kukata unyayo, ambao hakuna awajaliye ila aliyejikata.

"Hawa mmewatoa hapo chini?" karani alimuuliza mhudumu.

"Hapana, mzee. Hawa wanatoka Walvis Bay, Namibia. Wanakuja kwa ndege."

Mpwa alicheka. Karani hakucheka. Alikuwa akiwaza jinsi chaza alivyogeuka mgeni katika ghuba ya chaza.

Kwani chaza aliwajua, na hilo kijana hakulijua, kwa kuwa lilikuwa jambo lisilosemwa katika ukoo. Mama yake karani, ambaye ndiye bibi wa kijana, aliwahi kuwa muuza chaza. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, aliteremka mikokoni Mtoni pamoja na wenzake, kanga ameifunga kibwebwe, mkononi kipande cha chuma kilichonolewa ncha, akawabandua chaza mmoja mmoja kwenye mizizi ya mikoko. Alirudi na miguu yenye chale. Chaza walitiwa katika sufuria kubwa, wakachemshwa hadi magamba yakafunguka yenyewe, na gamba lililogoma kufunguka lilitupwa. Hilo halikuwa na mjadala. Kisha nyama ilichambuliwa, ikaoshwa mchanga, ikakaangwa kwa chumvi, ndimu na pilipili, ikapangwa mafungu juu ya sinia. Siku ambazo nazi ilipatikana, fungu moja lilibaki nyumbani, likapikwa kwa tui zito. Yaliyosalia yalipanda kichwani, naye akapita mitaani akinadi.

Kilikuwa chakula cha wasiomudu samaki. Harufu yake ilikaa katika nguo, na mtoto wa muuza chaza alinuka chaza hata akioga mara tatu. Siku moja mama alipita na sinia lake karibu na uwanja wa shule, akinadi, na mwanafunzi mmoja akauliza kwa sauti: "Yule mama wa chaza ni nani wako?" Karani, wakati huo mtoto wa miaka kumi na tatu, akajibu: "Jirani yetu."

Haukupita muda mrefu, kipindupindu kilichoanza kuenea nchini mwishoni mwa 1977 kikawatia watu hofu ya kila kilichotoka katika maji ya mkondo. Sinia likakosa wanunuzi. Mama akaacha kwenda mikokoni, akaanza kusuka ukili kwa malipo haba. Nyumbani ugali ulipungua, mchuzi ukawa maji na chumvi. Na mtoto, pamoja na njaa yake, alifurahi. Furaha hiyo ndiyo aliyokaa nayo mezani miaka karibu hamsini baadaye, mbele ya barafu.

Chakula hiki hakikuzaliwa na heshima, hata kwa hao waliotuletea heshima yake. Katika London ya karne ya 19 chaza alikuwa chakula cha makabwela. Charles Dickens, katika The Pickwick Papers, riwaya iliyotoka kati ya 1836 na 1837, ana mhusika anayeona kwamba umaskini na chaza huandamana daima. Walipovunwa kupita kiasi wakaadimika, na kilipoadimika kikapanda meza ya mabwana. Kikapanda na hatari yake. Chaza hula kwa kuyachuja maji; wako wakubwa ambao huweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku moja, na kilichomo majini, kiwe chema au kiovu, hubaki ndani yao. Novemba 1902 mameya wa Winchester na Southampton, Uingereza, walifanya karamu zao, na kwenye meza zote mbili waliandaliwa chaza wa Emsworth, mji uliokuwa umeelekeza mifereji yake ya maji machafu kwenye mashamba yaleyale ya chaza. Wageni wakaugua homa ya matumbo, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mkuu wa kanisa kuu la Winchester. Kumbe ulafi wa mabwana na taka za mji vilikutana ndani ya gamba moja.

Hapa ndipo karani, ambaye habari za Emsworth hakuwa nazo, alipouliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa usiku ule: "Na maji waliyokaa, nani anayapima?" Mhudumu alieleza kwamba huko watokako wapo watu ambao kazi yao ni kuchukua maji na chaza na kuvipima, na kwamba shehena isiyofaulu haisafirishwi. Alieleza kwa fahari, kana kwamba maabara ni yake. Karani akatikisa kichwa polepole. Mikokoni Mtoni hakukuwa na maabara ila sufuria.

Lilibaki suala la dini. Alilipima haraka: madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, huhalalisha vya baharini karibu vyote, ingawa Mabohora wa mjini chaza hawamli, na Wasabato vilevile. Suala la kumeza kilicho hai hakuwa na wa kumuuliza pale. Akasema bismillahi, akamnyanyua wa kwanza.

Ubaridi ulitangulia, kisha chumvi, kisha kitu chenye ladha ya sarafu ya shaba, na nyuma yake utamu mwembamba kama wa dafu changa, ambao ulikwisha kabla hajaukamata. Hakikuwa kibaya. Wa pili alimtafuna, kinyume cha maelekezo, na akaona kwamba atafunaye hupata zaidi kuliko amezaye. Wa tatu alimla kwa adabu tu. Kwa nyama, haikuwa na la kuishinda nyama ile ya sinia, iliyoshika pilipili na moto. Kwa tui, hata isilinganishwe. Je, inastahili ile mbwembwe ya barafu na vitambaa? Kwa utamu, hapana; mtu akikosa chaza mbichi maisha yake yote hajapungukiwa na kitu. Ila palikuwa na jambo moja katika sahani ile lililokuwa ghali kwa haki: mtu kuweza kutia kinywani kitu cha baharini bila kukipitisha motoni, akiamini kwamba yupo mtu aliyeyalinda maji. Hilo karani alilionea wivu. Chaza mwenyewe hakumwonea.

"Vipi, mjomba?"

"Wazuri, baba. Mungu akuzidishie." Akaomba karatasi laini, akafunga magamba mawili matupu, akayatia mfukoni. Kijana alidhani ni ukumbusho.

Walirudi kwa gari la kijana kupitia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, ambapo mtu huona baharini upande mmoja na mlango wa Mto Msimbazi upande wa pili. Vioo vilikuwa vimefungwa, lakini karani aliijua harufu ya chini yake. Mto ule hukusanya ya viwandani na ya vyooni, ukayamimina yote katika mikoko. Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka tena Dar es Salaam, kilianzia Kinondoni, wilaya hiyohiyo ya hoteli zenye barafu; wala hapana mahali katika pwani ya mji huu, iwe Msasani au Mtoni, ambapo mwenye akili timamu angembandua chaza mwambani akammeza palepale.

Mama alikuwa bado macho, kibarazani, ingawa macho yenyewe yalikwishaacha kuona miaka kadhaa nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini huko uzunguni?"

Akamwekea gamba moja kiganjani. Mama alilipitisha kidole gumba nje na ndani, taratibu, mara mbili.

"Chaza," alisema. "Lakini huyu hakukaa mwambani. Mgongo wake mpole mno."

"Amefugwa, mama. Wanafugwa katika vikapu."

"Mlimpika vipi?"

"Hakupikwa. Nilimla mbichi."

Mama akanyamaza kidogo. "Maji yake uliyaona?"

"Hapana, mama. Wanasema yanapimwa." Kisha, kwa kuwa giza lilisaidia, akasema: "Mama, ule mwaka wa mwisho wa chaza, siku uliyopita shuleni, niliulizwa wewe ni nani, nikasema—"

"Jirani yenu. Nilikusikia." Kidole kilikuwa kingali kikizunguka ukingo wa gamba. "Ndiyo maana kesho yake nilianza kupitia njia ya makaburini. Ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa na kivuli."

Karani hakupata la kusema. Mama akamrudishia gamba.

"Usilitupe. Mpelekee mkeo jikoni, litafaa kukombea ukoko."